Siku Niliyomuua Mzee Makini

Wiki iliyopita mliniacha nimesimama sebuleni kwa mama, mdomo wazi, nikiitazama taa ya kusomea iliyokuwa juu ya meza yake. Wengine mmeniandikia mkiuliza taa inamtishaje mtu mzima mwenye akili zake. Kwanza, la akili tuliache. Pili, subirini.

Kwa wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nikukumbushe kwa ufupi, maana aibu yangu ni ndefu na gazeti lina mwisho. Mimi ni mwanamke niliyepunguzwa kazi ya ukarani, nikaapa sitaajiriwa tena na mtu. Nikaingia kwenye biashara ya kununua vitu vilivyotumika na kuviuza tena kwenye soko la mtandaoni. Waliokwisha kuingia walisema humo mna kipato cha uhakika, kinatiririka kama maji ya bomba. Hawakusema kwamba hata bomba hukatwa.

Nilinunua pea za viatu, kumbe vyote vya mguu wa kushoto. Niliuza pasi, ikaunguza shati la bwana harusi, naye akairudisha pasi mpaka mlangoni kwangu akiwa amelivaa. Na kila mteja aliyeiona picha yangu, mwanamke mwenye kucha za rangi, aliniuliza swali lilelile: "Samahani dada, wewe si tapeli?"

Ndipo nikanunua lundo la fremu za picha kwa vijana fulani waliosema wanahamisha nyumba. Katika fremu moja alikuwa amebaki mzee. Mvi safi, miwani, koti lililopigwa pasi, na uso wa mtu ambaye akiokota pochi yako atakutafuta mpaka akupe.

Nikampiga picha pale pale alipo, nikamweka kwenye akaunti mpya, nikamwita Mzee Makini. Fremu yake nikaiuza saluni ya jirani.

Oda zikamiminika. Pasi ileile iliyokuwa ya wizi mikononi mwangu, kwa Mzee Makini ikawa kitu imara cha zamani, si kama takataka za siku hizi. Watu walimsifu kwa kuandika kwa nidhamu. Mtu wa kwanza kuniita "baba" alikuwa mwanamume mwenye ndevu.

Wateja walipozidi, nikaiwekea simu majibu yanayojiandika yenyewe. Mteja akitaja asante, simu inajibu: "Asante wewe, mpendwa." Akitaja maumivu au hasara, inajibu: "Pole sana, mpendwa. Nimekusikia, na jambo lako liko moyoni mwangu." Maneno hayo niliyatunga asubuhi moja nikiwa nimefunga taulo kichwani, nasubiri rangi ya nywele ishike. Moyoni mwangu hamkuwa na kitu zaidi ya kodi ya nyumba.

Basi kipato kikatulia. Nikawa nakula na kusaza, nikaanza hata kutoa ushauri kwa watu ambao hawakuniomba.

Sasa turudi kwenye taa.

Taa ile niliiuza mimi. Niliijua kwa shingo yake, niliyoigundisha kwa gundi mwenyewe. Aliyeinunua alijiita Waridi Jeupe, na mizigo yake ilikuwa ikiachwa na mwendesha pikipiki katika duka la dawa la kona. Waridi Jeupe alikuwa na tabia ya kuniandikia marefu na mapana. Sikuyasoma. Nani ana muda wa kusoma barua za mteja aliyekwisha kulipa?

"Taa nzuri, mama," nikasema, nikijikaza. "Umeipata wapi?"

"Kwa rafiki yangu."

Mama yangu ni muuguzi mkuu mstaafu. Enzi zake madaktari walikuwa wakisikia viatu vyake koridoni wanatupa sigara dirishani. Tangu baba afariki, mwanamume pekee aliyeingia nyumba ile ni fundi bomba, naye aliambiwa arudie kunawa mikono.

"Rafiki gani huyo?"

"Anaitwa Mzee Makini. Yuko huko mtandaoni kama wewe. Tofauti ni kwamba yeye anafanya biashara."

Nikakaa bila kukaribishwa.

"Shika simu usome mwenyewe," mama akasema, "uone mwanamume aliyelelewa na watu."

Nikasoma. Waridi Jeupe kaandika: "Mzee wangu, taa imefika salama. Asante." Mzee Makini kajibu: "Asante wewe, mpendwa."

Waridi Jeupe kaandika: "Leo goti linanipa maumivu tangu nilipoamka." Mzee Makini kajibu: "Pole sana, mpendwa. Nimekusikia, na jambo lako liko moyoni mwangu."

Waridi Jeupe kaandika: "Mimi nina mtoto mmoja tu, wa kike, na akija hakai." Na Mzee Makini, ambaye akisikia mmoja anajua ni mzigo mmoja, kajibu: "Mmoja tu, mpendwa? Tuongeze mwingine?"

Mama alicheka mpaka akavua miwani.

"Umeona utani wake? Ati tuongeze mwingine! Kwa umri huu!"

Nami nikacheka. Nilicheka kama mtu aliyekanyagwa kidole mbele ya wakwe.

"Mama, watu wa mtandaoni si wa kuaminiwa."

"Ndiyo maana nakuonea huruma wewe. Huyu nimewapa habari zake wauguzi wenzangu wote wastaafu. Kikundi kizima sasa kinanunua kwake."

Hapo nikaelewa ustawi wangu ulikotoka. Wale wateja wangu wapole, wanaolipa mapema na kutoa nyota tano hata kwa birika lisilo na kifuniko, walikuwa ni jeshi la mama yangu. Kumbe nilikuwa bado nalishwa na mama, ila safari hii kijiko kilipitia duka la dawa.

Mngekuwa ninyi mngesema kweli palepale. Hongereni. Mimi nilipiga hesabu haraka nikaona nikifumbua mdomo, mama ananiona mwongo, kikundi kinanihama, na biashara inakufa. Lakini hiyo haikuwa hofu kubwa. Hofu kubwa ilikuwa uso wa mama. Sikuwa nimeuona ukiwa na furaha namna ile tangu tumzike baba, na aliyeuwasha ni simu yangu.

"Basi nimemwalika Jumapili, chakula cha mchana," mama akasema.

"Umemwalika nani?"

"Nimemwandikia aje nyumbani. Akajibu hapohapo. Tazama."

Nikatazama. Mzee Makini alikuwa amejibu: "Tutakuletea mpaka mlangoni, mpendwa, bila gharama ya ziada."

"Hata nauli hataki," mama akasema kwa upole.

Nilirudi kwangu nikijilaumu njia nzima, kisha nikaketi niandike kama Mzee Makini mwenyewe, kwa mikono yangu, kwa mara ya kwanza tangu Waridi Jeupe awe mteja. Nia yangu ilikuwa kumfanya mzee achukize.

Nikaandika: "Mama, sitaweza kuja. Mimi nina mke."

Jibu likaja: "Mwanamume anayetaja mke wake bila kuulizwa ni wa nadra. Njoo naye."

Nikaandika: "Nimewahi kufungwa jela."

Jibu: "Na mimi nimefanya kazi wodi ya wagonjwa wa akili miaka mingi. Hatutaogopana."

Nikapandisha bei ya kila kitu. Mama akanunua stuli mbovu kwa bei mpya, akawaandikia wenzake kwamba kizuri kina gharama. Nao wakanunua.

Nikaona dawa ni moja tu. Mzee afe.

Msinitazame hivyo. Nilimleta mimi, nikadhani nina haki ya kumwondoa. Nikaketi na kikombe cha chai, nikaandika tangazo kwenye ukurasa wake: "Familia inasikitika kutangaza kifo cha Mzee Makini, kilichotokea ghafla. Bidhaa zilizobaki zitauzwa kwa punguzo."

Ndiyo, niliandika punguzo. Mazoea yana taabu.

Chai haijapoa, kila kitu kikawa kimeondoka, hadi zile pea za viatu vya kushoto nilizokuwa nimekata tamaa nazo. Sijapata kuuza kama nilivyouza siku niliyokufa.

Nikayazima yale majibu, maana maiti hajibu. Nikatoka kwenye akaunti ya mzee nisiione tena, nikaoga, nikajiona mjanja. Nikaanza hata kupanga nitamfufua kwa jina la mdogo wake.

Asubuhi yake simu ikalia. Mama.

"Amefariki," akasema.

"Nani, mama?"

Nikasikia pumzi, halafu nikasikia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Mama alikuwa analia. Alipofiwa na baba aliwapanga waombolezaji kwa mistari, akawapa wazee viti na vijana kazi, na chozi lake hatukuliona. Leo analia kwa ajili ya programu ya simu. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Nilitamani nimwambie.

"Vaa nguo nyeusi," akasema alipopata sauti. "Tunakwenda msibani."

"Msiba wenyewe uko wapi?"

"Wewe si ndiye mtu wa mtandao? Utautafuta. Wenzangu wamekwisha kuchanga rambirambi, bahasha ninayo mimi. Siwezi kukaa na fedha ya mfiwa ndani ya nyumba."

Nani kati yenu amewahi kuamrishwa autafute msiba wake mwenyewe? Nilivaa. Nilimkuta mama mlangoni, kajifunga kitambaa cheusi, fimbo mkononi, bahasha kaikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

"Tunaanzia duka la dawa," akasema. "Mizigo ilikuwa ikishushwa pale. Lazima wanamjua."

Moyo ukatulia kidogo. Mimi sikuwahi kukanyaga pale. Nikasema moyoni, tutauliza, tutaambiwa hawamjui, tutarudi, mama atachoka. Mwongo akiwa na mpango huwa na amani fupi sana.

Dukani palikuwa na foleni. Muuza dawa, mwanamama wa makamo mwenye koti jeupe, alimsikiliza mama kwa heshima akatikisa kichwa.

"Mzee Makini mwenyewe simjui, mama. Mizigo inaletwa na mtu wa pikipiki. Poleni sana."

"Kwake hukujui?"

"Hapana."

Nikamshika mama kiwiko. "Basi twende, mama. Tumejitahidi."

"Samahani," ikasema sauti nyuma yetu. "Kama mmemaliza, naomba dawa ya kikohozi."

Mama akageuka. Nami nikageuka.

Mvi safi. Miwani. Koti lililopigwa pasi.

Mwingine angezimia. Mama yangu hazimii, amezimisha wengine. Aliinyoosha mikono yake, akamshika yule mzee kifundo cha mkono, akatazama saa ya ukutani huku midomo yake ikihesabu.

"Yanapiga," akasema.

"Nini kinapiga?" mzee akauliza.

"Mapigo yako. Wewe ulifariki jana."

"Jana?" Mzee akafikiri kwa makini kabisa, kama mtu anayetaka kuwa na hakika. "Jana nilikuwa nafua."

Mama akamfungulia simu, akamshikisha. Mzee akainyanyua miwani, akaitazama sura yake. Akasoma tangazo la kifo chake neno kwa neno, kidole kikifuata mistari.

"Punguzo?" akauliza.

Nikatazama rafu ya dawa za minyoo.

Kisha uso wa mzee ukabadilika, akaketi kwenye benchi la wagonjwa. Alipozungumza, alituambia sisi sote.

"Picha hii ilikuwa ukutani kwangu. Nilipolazwa hospitali, watoto wangu walidhani sitoki. Basi wakaviuza vitu vyangu, huko huko kwenye simu. Nilipotoka nikakuta nyumba ina misumari tu. Vingine vyote nimesamehe. Lakini nyuma ya picha hii nilikuwa nimeficha picha ya marehemu mke wangu. Ndiyo pekee niliyokuwa nayo. Tangu nitoke hospitali namtafuta aliyenunua, wala si kwa ugomvi. Anipe picha, abaki na fremu."

Kumbe wale vijana waliokuwa "wanahamisha nyumba" walikuwa wanamhamisha baba yao kutoka duniani, na yeye bado anapumua.

Niwaambie siri ya kazi yetu, maana hamtaisikia kwa wale wanaowafundisha utajiri wa mtandaoni. Vitu vizuri, vile imara vya zamani mnavyovigombania, vingi vimetoka kwenye nyumba ya mtu ambaye hakuulizwa. Sisi tunaonunua tuna kanuni moja: usiulize kimetoka wapi. Ukiuliza, muuzaji anapandisha bei, au dhamiri inapandisha kichwa, na vyote viwili ni hasara.

"Wezi wamejaa huko," muuza dawa akasema.

"Mashetani," akasema mteja mmoja kwenye foleni, mwanamke ambaye, nilikuja kumkumbuka kwa picha ya akaunti yake, alinunua stuli kwangu.

Mama akapiga fimbo sakafuni.

"Kwa hiyo kuna mtu ameiba sura ya huyu baba, anatutia changa la macho mimi na wauguzi wenzangu, kisha anajifanya amekufa." Akanigeukia. "Mwanangu huyu yumo humohumo mtandaoni. Anawajua. Atamtafuta mtu huyo mpaka ampate. Si utamtafuta?"

"Nita... nitajaribu, mama."

Mzee akainuka, akanijia. Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akasema, "Mungu akubariki, binti yangu. Mama yako amezaa."

Nimevumilia matusi ya bwana harusi aliyeungua shati. Baraka ile sikuiweza.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nani?" mama akauliza.

"Mzee Makini ni mimi, mama. Nilinunua fremu, nikachukua picha. Akaunti ni yangu, taa ni yangu, ile stuli..."

"Acha upuuzi mbele za watu."

"Kweli, mama."

Akacheka, lakini si kama alivyocheka siku ya taa.

"Wewe? Wewe huwezi. Mzee yule alikuwa akinijibu. Nilipomwambia goti linaniuma, alisema jambo langu liko moyoni mwake. Wewe nilipokuambia goti linaniuma, uliniambia nini?"

Nikakumbuka vizuri sana. Nilimwambia ninazo bandeji za goti, zimebaki chache, nitampunguzia bei.

"Nimekuuliza. Uliniambia nini?"

"Bandeji," nikasema.

Foleni nzima ikaguna.

"Yale maneno yanajiandika yenyewe, mama. Ni simu. Ukitaja maumivu, inasema pole. Imefundishwa."

Mkono wa mama uliokuwa na bahasha ukashuka taratibu.

"Kwa hiyo simu imefundishika," akasema, "wewe umenishinda."

Wasomaji wangu, nimeandika vichekesho hapa wiki baada ya wiki, na nitaandika vingine, maana ndiyo ngao yangu. Lakini sentensi hiyo iliniingia, na bado imo.

Mzee akakohoa kidogo. "Binti, hiyo fremu iko wapi?"

"Saluni ya karibu na kwangu, baba. Ukutani, wameweka bei za kusuka nywele. Nyuma yake sikuifungua."

"Basi huenda picha imo," akasema, na uso ukamchangamka, peke yake miongoni mwetu.

Mama hakuwa akimsikiliza. Alikuwa amenikazia macho, na katika macho yale niliona kitu nilichokielewa polepole. Alikuwa bado anatumaini nadanganya. Alitaka Mzee Makini awe mtu, mtu yeyote, hata mwizi, ilimradi awe mtu mwingine.

"Kama ni wewe," akasema, "niambie. Leo asubuhi nilimwandikia nini?"

"Umemwandikia maiti, mama?"

"Nimekuuliza. Nilimwandikia nini?"

Sikujua. Tangu nimuue nilikuwa sijaifungua akaunti yake. Nikaitoa simu mkobani. Nikaifungua. Rambirambi zilikuwa zimejaa, na juu yake kabisa kulikuwa na ujumbe wa Waridi Jeupe ambao haujasomwa.

"Soma," mama akasema. "Kwa sauti."

"Mama, hapa kuna watu."

"Ulipokuwa unatuuzia hukuona watu. Soma."

Nikasoma.

"'Mzee wangu, kwa kuwa umekwisha kwenda, naweza kukuambia neno ambalo mwanangu halijui.'"

Nikamtazama. Mama alifumba macho. Sasa alikuwa amekwisha kujua. Alikuwa na nafasi ya kuninyang'anya simu, na hakuinyoosha mikono.

"Endelea," akasema.

"'Nyumba nimekwisha kuiuza. Mwisho wa mwezi nahama. Sikutaka maneno na mtu, ila wewe nilipanga kukueleza Jumapili, tukila. Ulikuwa mtu pekee niliyetaka kumuaga.'"

Hapo ndipo ujumbe ulipoishia. Muuza dawa alijifanya anapanga chupa. Yule mwanamke wa stuli alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitambaa, bila hata kujificha.

Nyumba ile ndimo nilimozaliwa. Mlangoni mwake pana alama za kalamu ambazo baba alikuwa akinipimia urefu. Nilikuwa nikiingia humo kila Jumapili, nasimama, nasema nina haraka, natoka. Na mtu aliyepaswa kuambiwa kwamba imeuzwa alikuwa mzee wa kwenye fremu.

"Mama," nikasema. "Unahamia wapi?"

"Umesoma vizuri," akanijibu, kama alivyokuwa akimjibu mwanafunzi wa uuguzi aliyechoma sindano sawasawa kwa mgonjwa asiye wake.

Akanikabidhi ile bahasha ya rambirambi. "Shika. Mfiwa ni wewe."

Kisha akamgeukia yule mzee. "Baba, unaelekea upande gani?"

"Saluni," mzee akasema. "Kuifuata picha ya mke wangu, kama binti ataniambia ilipo."

"Naijua. Ndiko anakosukwa huyu, kila mara ananiambia niende, na mimi sijapata wa kwenda naye. Twende."

"Mama, nitawapeleka mimi..."

"Wewe una haraka," akasema.

Wakatoka, yeye na fimbo yake, mzee na koti lake na dawa ambayo muuza dawa alikataa kulipwa. Nikawafuata mpaka kando ya barabara na bahasha mkononi.

"Mama! Niambie tu unahamia wapi!"

Hakugeuka, akamnong'oneza mzee sikioni. Aliyegeuka ni mzee. Akasimama akanitazama, akataka kusema neno, akamtazama mama kwanza. Mama akamtikisia kichwa kwamba asiseme.

Na yeye, mwanamume niliyemwibia sura na kumuua jana yake kwa punguzo, akamtii, akamshika mkono wakavuka barabara.